PCOS: maswali ambayo kina dada wa Mombasa wanauliza kila siku

Haya maswali naulizwa kila nikikaa na wenzangu, iwe saluni Kisauni, iwe barazani baada ya maghrib, iwe kwa simu usiku wa manane mtu amekosa usingizi, na mengi yanafanana kabisa. Nimeyaweka pamoja usome lile linalokuhusu kisha ukitaka uendelee na mengine. Hayachukui nafasi ya daktari, lakini ukiyajua utaingia kwa daktari ukijua la kuuliza. Na neno moja kabla hatujaanza: PCOS si mambo ya kuzaa peke yake. Ni mambo ya mwili mzima, sukari, kizazi, ngozi, moyo, hata roho, kwa hivyo tafadhali usingoje mpaka uolewe ndio uanze kuulizia.

## Mambo ya kwanza kwanza

PCOS ni kitu gani haswa?

Kirefu chake ni polycystic ovary syndrome, na ni shida ya homoni. Si ugonjwa wa kuambukizwa, si wa zinaa, na hujaupata kwa choo wala kwa mwanamume. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo, zile zinaitwa androjeni, na hiyo ni kawaida, ila kwa mwenye PCOS zinazidi kiasi na yai linashindwa kupevuka na kutoka kila mwezi inavyotakiwa. Yai lisipotoka, siku zako nazo zinaruka.

Alafu kuna insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu. Wengi wetu mwili hauisikii insulini vizuri, kwa hivyo kongosho inamwaga nyingi zaidi ili sukari ishuke, na hiyo insulini ikizidi inazichochea ovari, yaani pale mayai yanapokaa, zitoe androjeni zaidi, na androjeni zikizidi yai linazidi kukwama. Ndio maana utaona mtu ameenda kwa daktari kwa ajili ya siku zake na daktari anamuuliza habari za sukari kwao, hajapotea njia, anajua anachotafuta.

Ni wengi wenye hii shida ama ni mimi tu?

Shirika la Afya Duniani linasema ni wanawake 10 mpaka 13 kwa kila 100 walio kwa umri wa kuzaa, na mpaka 70 kwa kila 100 wenye nayo hawajui kama wanayo. Sasa hebu fikiria ukumbi wa harusi ya wanawake watupu pale Majengo, wanawake mia wamekaa. Kumi au zaidi wanayo, na wengi kati yao hawajawahi kuambiwa. Si wewe peke yako, mwenzangu.

Si ni magonjwa ya siku hizi haya, ya kula chipsi na kukaa kwa simu?

La. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika kuhusu wanawake saba wenye hali hii mwaka 1935, na wakati huo hakuna aliyekuwa na simu mkononi. Chakula na kukaa sana vinaweza kuizidisha, hilo ni kweli, lakini havikuianzisha. Bibi zetu walikuwa nayo, ila walikuwa wanaitwa wagumba ama wanaambiwa wana jini mahaba na hakuna aliyewapima.

Nimeipata wapi basi? Ni sindano ya kupanga uzazi? Ni kurogwa?

Inatembea kwa familia. Ukiwa nayo, kuna uwezekano mkubwa kuliko kawaida kwamba mamako, dadako au shangazi yako anayo, na sukari pia mara nyingi iko kwenye ukoo. Chanzo kimoja cha kushika kwa kidole hakuna, ni mambo ya urithi yakichanganyika na mwili unavyoishi.

Sindano ya Depo haileti PCOS. Inachofanya ni kusimamisha siku wakati unaitumia, na ukiiwacha zinaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, wengine hata mwaka, kwa hivyo mtu anadhani imemharibu. Kuhusu kurogwa, sitamzuia mtu kusomewa, mimi mwenyewe naamini dua. Kisomo kisomwe na kipimo kifanywe, viwili havigombani.

## Dalili

Siku zangu zinaruka. Ni lini nianze kuwa na wasiwasi?

Kwa mtu mzima, kutoka siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata ni siku 21 hadi 35. Ikiwa zako zinapita 35 mara kwa mara, ama unaingia mwezini chini ya mara nane kwa mwaka, ama umekaa zaidi ya siku 90 bila kuona kitu, nenda ukaonekane. Kwanza kabisa pima mimba, hata kama una uhakika huna, manake ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na kipimo kinapatikana kemisti yoyote.

Chukua ile kalenda ya ukutani ambayo maduka yanagawa Januari, tia alama siku damu inapoanza na inapokwisha. Miezi mitatu minne ya alama hizo ina thamani kuliko maelezo ya "zinaruka ruka hivi". Ukitaka app ya simu sawa, lakini usiiamini inapokwambia eti leo yai linatoka, zile hesabu zimetengenezwa kwa watu ambao siku zao zinakuja kwa mpango.

Naota ndevu. Nikinyoa si zitazidi?

Hazizidi. Wembe unakata nywele juu ya ngozi tu, hauongezi idadi wala hauzifanyi nene, ni vile ncha imekatwa wima ndio unaihisi ngumu ukipitisha kidole. Nyoa, toa kwa uzi, paka waksi, chochote ambacho ngozi yako inakubali. Leza inapunguza kwa muda mrefu zaidi lakini ni gharama, inataka kurudi mara nyingi, na kwa ngozi yetu nyeusi lazima uulize mashine yao ni ya ngozi nyeusi, zisizofaa zinaunguza. Daktari pia ana vidonge vya kupunguza androjeni, ila havifanyi kazi kwa wiki mbili, hesabu miezi sita hivi ndio uone tofauti, na kuna kimoja kinaitwa spironolaktoni ambacho hutakiwi kushika mimba ukiwa unakitumia.

Wengi wananiuliza kimya kimya kama kuziondoa ni haramu. Imam Nawawi, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Kishafi, aliandika kwamba mwanamke akiota ndevu kuziondoa si haramu bali ni jambo linalopendeza. Kwa hivyo toa na roho yako itulie.

Usichopaka ni zile krimu za kung'arisha zisizo na maandishi ya maana kwenye kopo. Zingine zina zebaki au steroidi na utaongeza shida ya ngozi juu ya shida ya nywele.

Binti yangu shingo imekuwa nyeusi, nimeisugua mpaka basi.

Tafadhali usiisugue tena. Nimeona mtoto wa miaka kumi na tatu amekalishwa kwa kigoda uani asubuhi ya sherehe, mama ana dodoki na ndimu na chumvi, anasugua shingo huku anamwambia ni mchafu haogi vizuri, mpaka ngozi ikachubuka na mtoto akakaa sherehe nzima amejifunga mtandio kwa jua lile. Haikuwa uchafu. Ule weusi kama mahameli shingoni, kwapani na kwenye mapaja mara nyingi ni alama kwamba insulini imezidi mwilini, na unapungua insulini ikipungua, hautoki kwa kusuguliwa. Mpeleke apimwe sukari, na kama ameshaanza kuingia mwezini soma pia pale chini kuhusu wasichana wadogo.

Mimi ni mwembamba. Naweza kuwa nayo?

Ndio. Na wembamba ndio wanaocheleweshwa zaidi kwa sababu hakuna anayewashuku. Insulini inaweza kuwa juu hata kwa mtu wa kilo 50, kwa hivyo vipimo vya sukari vinakuhusu na wewe.

Nina maumivu makali sana kila mwezi, ni PCOS?

PCOS kwa kawaida haiji na maumivu makali. Maumivu ya kukulaza kitandani yanataka kuangaliwa kivyake, inaweza kuwa endometriosi (nyama kama ya ukuta wa kizazi kuota nje ya kizazi), fibroidi (uvimbe wa kizazi), au maambukizi. Ni kweli mtu anaweza kuwa na viwili kwa pamoja. Na maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja, ya kukufanya utapike, hayo usisubiri asubuhi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

## Kupimwa

Skani imesema ovari zangu zina vivimbe vingi. Basi ndio PCOS?

Si lazima. Vile vitu kwanza si vivimbe vya kukatwa, ni vifuko vidogo vya mayai ambayo yalianza kukua yakakwama. Wanawake wengi wenye afya yao wanavyo, hasa wasichana. Kwa hivyo hakuna cha kutolewa, na mtu akikwambia ufanyiwe opresheni kwa sababu ya karatasi ya skani pekee tafuta daktari wa pili kabla hujasaini kitu.

Kanuni inayotumika dunia nzima, ambayo ilikubaliwa Rotterdam mwaka 2003, inasema uwe na mawili katika haya matatu: siku zinazoruka au zisizokuja, dalili za androjeni kuzidi (ndevu, chunusi sugu, nywele za utosi kupungua, ama kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi kwenye skani. Ukiwa na mawili ya kwanza skani haihitajiki hata. Na tangu mwongozo mpya wa kimataifa wa mwaka 2023, kwa mtu mzima kipimo cha damu kinachoitwa AMH, cha homoni inayotoka kwenye vile vifuko vya mayai, kinaweza kuchukua nafasi ya skani.

Sijaolewa. Skani watanipima kwa chini?

Hili swali ndilo linalowafanya wasichana wengi wasiende kabisa, na inaniuma. Hapana, si lazima. Sema tu mapema kwamba hujawahi kukutana na mwanamume, utapimwa juu ya tumbo, unakunywa maji mengi kibofu kijae ndio picha itoke vizuri. Una haki ya kuomba mhudumu mwanamke na una haki ya kuingia na dadako au mamako. Na kama nilivyosema hapo juu, kuna wengi ambao hawaihitaji hiyo skani.

Ni vipimo gani vingine?

Daktari mzuri anaondoa kwanza magonjwa yanayofanana na PCOS. Anapima homoni ya tezi la shingo (TSH), anapima prolaktini, homoni ya maziwa, hasa kama matiti yanatoa maziwa na hunyonyeshi, na kuna kingine kwa ajili ya tezi zilizo juu ya figo. Anapima testosteroni, mojawapo ya zile androjeni. Kisha sukari, mafuta ya damu na presha. Kwa sukari kipimo kizuri zaidi ni kile cha kwenda bila kula, unatolewa damu, unakunywa glukosi gramu 75, unakaa saa mbili unatolewa tena. Beba kitabu au kazi ya mkono, unangoja.

Ikiwa unatumia vidonge vya kupanga uzazi sema, kwa sababu vinabadilisha majibu ya testosteroni. Usiviwache mwenyewe bila kuongea na daktari.

Pesa zikiwa kidogo, na kwa wengi ni kidogo, usikate tamaa ukaacha vyote. Muulize daktari kipi kinaweza kubadilisha matibabu yangu leo, tuanze na hicho. Presha, sukari na TSH mara nyingi ndio vya mbele. Uliza bei lebu mbili tatu, zinatofautiana sana hata ndani ya barabara moja.

Nianzie wapi hapa Mombasa?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hospitali za kaunti ndogo kama Likoni, Port Reitz na Tudor zinaweza kukuanzishia na zikikupa barua ya rufaa unaenda Coast General kwa daktari wa kina mama. Ukiwa na uwezo wa kwenda kwa gaina wa binafsi sawa, kanuni ni ile ile.

Nenda na kalenda yako, orodha ya dawa zote unazotumia hata za miti, na sema nani kwenu ana sukari. Wapo watakaokwambia "nenda ukaolewe, ukizaa zitajipanga". Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na miaka ishirini na moja na nikarudi nyumbani nikaamini. Ukijibiwa hivyo sema kwa adabu, "Daktari, nimekaa miezi minne sijaona siku zangu, naomba unipime sukari na unieleze kizazi changu kinalindwa vipi." Sentensi hiyo inabadilisha mazungumzo.

Binti yangu ana miaka 14 na siku zake hazijatulia.

Tulia kwanza. Mwaka wa kwanza tangu avunje ungo siku kuruka ni kawaida, na kutoka mwaka wa kwanza mpaka wa tatu pengo la siku 21 hadi 45 linakubalika. Msichana hapewi jina la PCOS kwa skani, mwongozo unasema skani isitumike kabla ya miaka minane tangu hedhi ya kwanza, na AMH pia haitumiki kwake. Anatakiwa awe na vyote viwili, siku zisizo na mpango na dalili za androjeni. Akiwa na kimoja tu anafuatiliwa, anatibiwa kile kinachomsumbua, na anaangaliwa tena akikua.

Wa kupelekwa haraka ni aliyefika miaka 15 na hajaona hedhi, aliyepitisha siku 90 bila kuona, ama aliyeanza kuota ndevu na sauti kuwa nzito ghafla ndani ya miezi michache. Huyo wa mwisho hata akiwa mtu mzima aende mara moja, kasi ile si ya PCOS.

## Matibabu

Kuna dawa ya kuimaliza kabisa?

Hakuna. Anayekuuzia dawa ya "kumaliza PCOS siku 21" anakuuzia matumaini yako mwenyewe. Lakini inadhibitika, na vizuri, kuna wanawake wanaishi nayo miaka na siku zinakuja, sukari iko sawa, watoto wamezaa.

Kwa nini napewa vidonge vya kupanga uzazi na mimi ni msichana sijaolewa?

Hapa naomba usome na mamako, manake najua nyumba ambayo mama alikuta paketi kwenye mkoba wa binti, akavitupa vidonge vyote chooni, na mambo yakaharibika kwa mwezi mzima kabla mtu hajauliza vidonge ni vya nini.

Kila mwezi ukuta wa ndani wa kizazi unajengeka, kisha yai likitoka homoni ya projesteroni inautuliza na baadaye unatoka kama hedhi. Yai lisipotoka, ukuta unaendelea kujengeka mwezi baada ya mwezi bila kutoka, na ukiachwa miaka hivyo unaweza kunenepa vibaya na uwezekano wa saratani ya kizazi unaongezeka. Haijalishi umeolewa au hujaolewa, una mpango wa kuzaa au huna. Vidonge vinaulinda ule ukuta, vinapunguza androjeni, chunusi na ndevu zinapungua navyo. Kwa huyu msichana hiyo ndiyo kazi yake, ni dawa.

Havifanyi mtu kuwa tasa. Ukiviwacha, hali uliyokuwa nayo inarudi. Lakini si vya kila mtu, mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu mguuni au kifuani, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, au anayevuta sigara na amepita miaka 35, asipewe vyenye estrojeni. Mwambie daktari, atakupa projesteroni ya siku kadhaa kila baada ya miezi kadhaa ili damu itoke, na kizazi kinalindwa vile vile. Usinunue kwa kemisti kwa sababu rafikiyo anatumia.

Nimepewa metformin na mimi sina sukari?

Inasaidia mwili kuisikia insulini, kwa hivyo inatumika na wasio na sukari. Tumbo linaweza kukorofisha wiki za mwanzo, kichefuchefu, kuharisha, ndio maana inaanzwa dozi ndogo, inaliwa na chakula, inapandishwa pole pole. Usiiwache siku ya tatu ukasema imekukataa, rudi umwambie daktari, kuna aina inayoyeyuka taratibu. Ukitumia miaka mingi uliza habari ya vitamini B12.

Ramadhani nitafungaje na dawa?

Wengi wanafunga bila shida, dawa zinahamishiwa futari na daku. Ila muone daktari kabla ya mwezi kuandama, usipange mwenyewe, hasa kama umeshafikia kuwa na sukari au una mimba. Na futari yenyewe ndio mtihani, ukifungua kwa kaimati, tambi za sukari, uji mtamu na juisi yote kwa mkupuo umeirudisha insulini juu usiku mzima.

Nile nini? Niache mahamri?

Hakuna chakula maalum cha PCOS kilichothibitishwa kushinda vingine, kwa hivyo mtu asikuuzie daftari la lishe. Kinachosaidia ni kile unachoweza kudumu nacho. Anza na vinywaji, kwa sababu soda, juisi ya kopo na chai ya vijiko vinne ndizo sukari zinazoingia bila kuhisi. Mahamri mawili na mbaazi nyingi ni tofauti kabisa na mahamri matano na chai tamu. Wali wa nazi punguza sahani, ongeza samaki, kunde, mchicha, kachumbari. Viazi karai na bhajia za jioni ziwe za siku moja moja, si za kila siku ukishuka matatu.

Ukiwa na uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 inaweza kutosha kurudisha siku, yaani mtu wa kilo 80 ni kilo 4 hadi 8, si lazima uwe kama modo. Wengine wanapunguza wanaona mabadiliko, wengine uzito hausongi hata wakijitahidi, na hao hawajafeli, mazoezi yanasaidia insulini hata mizani isipotingishika. Lengo ni dakika 150 za mwendo wa kasi kwa wiki au zaidi. Mama Ngina asubuhi baada ya alfajiri kuna hewa na kuna kina mama wenzio na mabuibui yao wanatembea, ama ufuo wa Nyali maji yakiwa yamekupwa. Ukishindwa kutoka, ndani ya nyumba panatosha.

Na uwatu, habasoda, mdalasini, chai za kusafisha kizazi?

Uwatu na mdalasini kwenye chakula ni vyetu, kula. Kama dawa pekee ya kuacha nyingine, ushahidi wake ni mdogo. Inositoli, kile kirutubisho kinachouzwa kemisti kwa bei kubwa, nayo ushahidi wake haujakomaa, haidhuru sana ila usikose pesa ya kipimo cha sukari kwa ajili yake. Zile lulu na vifurushi vya kuweka ukeni eti vinatoa uchafu, usiweke kabisa, vinachubua na kuleta maambukizi, na PCOS haipo ukeni wala si uchafu.

## Mimba

Nitazaa kweli?

Wengi sana wanazaa, wengine bila dawa yoyote na wengine kwa msaada kidogo. Shida ni yai kutotoka kwa wakati, na hilo lina dawa. Inayoanza kutumiwa sasa ni letrozoli, ya zamani ni klomifeni. Letrozoli ni dawa iliyoanza kama ya saratani ya matiti kwa hivyo ukisoma karatasi ya ndani usishtuke, kwa siku chache za mwezi chini ya daktari inatumika kusukuma yai. Usijinunulie, yai zaidi ya moja linaweza kutoka.

Ushauri wa kawaida ni kujaribu mwaka mmoja, ama miezi sita kama umepita 35, lakini kama siku zako hazionekani usingoje mwaka wowote, pengine hakuna yai la kungojea. Na mume apimwe mbegu mapema, ni kipimo rahisi na kinaweza kuwaokoa miaka ya kukulaumu wewe peke yako.

Mkwe wangu anasema mwanawe aoe mwingine.

Pole sana dadangu. Mlete mumeo kliniki asikie kwa daktari mwenyewe, mara nyingi ni yeye anayeweza kuongea na mamake kwa heshima na akasikika, wewe ukisema inaonekana unajitetea. Mwambie maneno mawili tu: inatibika, na tumeanza.

Sioni siku zangu, kwa hivyo siwezi kushika mimba?

Unaweza. Yai linaweza kutoka siku yoyote bila taarifa. Ukiwa hutaki mimba tumia kinga.

Nimeshika mimba. Kuna la kuangalia?

Mwambie mkunga tangu kliniki ya kwanza kwamba una PCOS. Sukari ya ujauzito na presha hutupata zaidi sisi wenye PCOS. Upimwe sukari mapema, kisha tena kati ya wiki ya 24 na 28, na presha kila ukienda.

## Mengine yanayoulizwa kwa sauti ya chini

Damu inatoka wiki tatu haikatiki. Sala na funga inakuwaje?

Upande wa afya kwanza: damu ya muda mrefu baada ya kukaa miezi bila kuona ni ule ukuta niliouelezea kwenye vidonge, umejengeka sana unabomoka vipande vipande. Inataka daktari na inatibika. Ukijaza pedi kila saa, ukisikia kizunguzungu, moyo unaenda mbio, nenda hospitali leo. Upande wa dini, hedhi na istihadha (damu isiyo ya hedhi) hukumu zake si moja, na ustadhat, mwalimu wa dini wa kike, hawezi kukujibu bila tarehe zako. Mpelekee ile kalenda, atakupigia hesabu.

Nalia bila sababu, sitaki kutoka nyumbani.

Huzuni na wasiwasi ni sehemu ya PCOS inayojulikana, wenye nayo wanapata zaidi ya wengine, na mwongozo unataka waulizwe kuhusu hilo. Si udhaifu wa imani. Mwambie daktari waziwazi kama unavyomwambia kuhusu ndevu. Na ukianza kufikiria kujidhuru, usikae peke yako usiku huo, mwamshe mtu, mwende hospitali.

Nikikoma hedhi itaisha? Na aliyetolewa kizazi?

Siku zinakuwa si shida tena, lakini insulini inabaki. Sukari ipimwe kila mwaka mmoja hadi mitatu kulingana na hali yako, na presha kila mwaka. Aliyetolewa kizazi ni hivyo hivyo, ukuta wa kuulinda haupo tena kwa hivyo projesteroni haihitaji, lakini ovari zikiwa zimebaki ndevu zinaweza kuendelea, na kipimo cha sukari anakihitaji kama mwingine yeyote. Na akiwa anakoroma sana na kuamka amechoka amwambie daktari, kukatika pumzi usingizini kunawapata zaidi wenye PCOS na kuna matibabu yake.